Maneno Uliyompa Yule Mama wa Televisheni

Yaya Dorika, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kutoka Uganda, ng'ambo ya ziwa, kambini. Mwaka umepita tangu ufe. Papa yuko, mguu wake haukupona vizuri. Mama hasemi sana. Mimi... acha tu.

Juma lililopita niliona ile filamu yetu, ile ya mama avoka, mwanasheria anayetetea wajane mahakamani. Ilikuwa mchana, nilikuwa napita sokoni, nikasikia sauti yake kwenye kibanda cha video. Nikaingia, nikakaa chini kama zamani kwetu Shari, kule Kongo.

Unakumbuka Papa aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Bambu na ile televisheni begani? Kila Jumapili baada ya misa kartie nzima, mtaa wote, ilikuja kwetu. Filamu ilisema Kiingereza, na weye uliyesoma Arua, huku Uganda, ndiye peke yako uliyekijua. Ulisimama kando ya televisheni ukatufasiria. Wanaume walicheka: "Mwanamuke avoka! Na bwana yake atapikiwa na nani?" Ulingoja bwana wa mama avoka, mule filamuni, ainue mkono kumpiga, halafu ukasema kwa sauti ya mama avoka: "Mimi siko mbuzi ya kufunga na kamba. Ukinipiga leo, kesho tutaonana ku tribinali!"

Sebule nzima tukapiga makofi, hata Papa.

Baada ya wiki mbili Mama Bahati, jirani yetu, alimwambia bwana yake maneno yaleyale, wamesimama uani, mwiko mkononi. Yule bwana alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea njia, akaingia ndani. Hakumpiga. Na Papa, aliyekuwa anasema masomo ya msichana yanaishia shule ya msingi, aliniandikisha sekondari. "Pengine na huyu atakuwa avoka," alisema. Weye ulitoka nje haraka. Nilidhani unacheka. Mama aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unalia.

Sasa sikia, Yaya. Hapa kambini nimejifunza Kiingereza, kidogo kinachotosha. Nimesikiliza filamu mpaka mwisho. Yule mama hasemi vile! Bwana akiinua mkono, anapiga magoti. Anaomba msamaha. Mwishoni anaacha kazi, anarudi jikoni, muziki unalia, watu wote wanafurahi. Hakuna mbuzi. Hakuna tribinali. Maneno yote yalikuwa yako. Ulikuwa unayatunga palepale mbele ya baba yetu na majirani, na siye tukamheshimu mwanamke wa kwenye kioo, hatukujua kama ni weye.

Nililia mbele ya wageni. Walidhani nalilia filamu.

Sikutaka kuandika juu ya ile asubuhi. Lakini nani mwingine ataandika? Wenye bunduki waliingia kwenye avenue yetu, mlango kwa mlango. Papa na bwana wa Mama Bahati, aliyekimbilia kwetu, walipanda juu ya dari. Mama na mimi tulikuwa chumba cha nyuma, dirisha limekwama. Walipoanza kupiga mlango kwa mateke, ulituangalia mara moja tu. Ukatoka, ukaufunga nyuma yako. Nilikusikia: "Vijana, muko batoto ba nani? Humu iko wanawake na mugonjwa. Musemezane na mimi kwanza." Ukaendelea kusema. Ukawauliza majina. Ukawauliza kama wamekula. Mama alikuwa anavunja ubao wa dirisha na mchi, na weye ulipandisha sauti ili wasisikie. Tulitokea kwenye mihogo ya jirani.

Kisha risasi. Moja.

Papa aliruka kutoka kule juu darini, ndipo alipovunjika mguu. Jioni tulirudi kukuzika, kwa haraka, bila padri. Nisamehe, Yaya. Hatukukuosha vizuri.

Na sasa Papa anawaambia watu: "Ile televisheni njo iliniulia mutoto. Alijifanya mwanaume." Wanatikisa kichwa kukubali, walewale waliokupigia makofi. Mama Bahati anapigwa tena, tunasikia kwenye hema la pili, hakuna anayeinuka. Hata mimi siinuki. Nami nimeposwa na mchuuzi wa samaki, mtu mzima, mwezi huu ukiisha niende kwake. Shule basi. Nilidhani ulibadilisha watu. Siku hizi naona walikuwa wanabadilika Jumapili tu.

Wakati mwingine nakukasirikia. Kwa nini ulitufundisha kutamani? Aliyezoea giza hateseki kama mimi.

Kesho jamaa za yule mchuuzi wanakuja kukaa na Papa wapatane mahari. Sina matumaini kwamba watanisikia. Pengine nitapigwa, pengine nitaondoka nao palepale. Mama amekwisha kunikunjia nguo zangu, bila kuniangalia.

Pumzika, Yaya wangu. Pale ulipo pasiwe na mlango wowote wa kulinda.

Naahidi kitu kimoja, zaidi sina. Kesho, kabla Papa hajawajibu, nitasimama mbele yao wote na kusema namna ulivyokufa. Hukujifanya mwanaume. Wanaume walikuwa juu ya dari. Ulitoka kwa sababu siye tulikuwa bado ndani.

Mdogo wako,
Janine