Kadi ya njano ya Bibi Minza

Jumamosi, mwisho wa Oktoba. Buswelu.

Mvua imenyesha alfajiri, ikakatika, halafu jua limewaka la kuchoma. Nimekaa kwenye ngazi za uani na tope la Misungwi limenikaukia miguuni. Sina hamu ya kunawa. Sare yangu ya kitenge inaning'inia mlangoni, imeshapigwa pasi, kwa sababu kesho ni ibada ya kututuma.

Kwa asiyenijua: mimi ni katibu wa kamati ya umisheni ya usharika wetu. Siku za kazi natoa fotokopi kwenye kibanda changu Mabatini, siku nyingine ni za Bwana. Sote kwenye kamati tunajitolea, hakuna anayelipwa. Nalisema sana hilo, hasa nikiona mtu anataka kuniuliza swali.

Ofisi ya kanisa ina ramani ukutani, na kila mwaka tunachomeka pini mpya. Hatuendi mahali pamoja mara mbili. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo, ilijijia tu, kwa sababu fomu ya taarifa ya mwaka ina nafasi ya kuandika maeneo mapya tuliyoyafikia na haina nafasi ya tulikorudi. Mwaka juzi pini ilikuwa kijiji kimoja cha Misungwi. Mwaka jana ilikuwa kisiwani. Mwaka huu inavuka mpaka, tunakwenda Burundi mwezi ujao, na kanisa zima linatembea kifua mbele.

Anayechomeka pini ni mimi. Huwa napigiwa makofi.

Jana mwenyekiti wetu, Baba Neema, alinituma Misungwi nikarekodi ushuhuda. Alitaka video fupi ya mtu aliyenufaika na ile kambi ya macho ya mwaka juzi, ioneshwe kesho kabla hatujawekewa mikono. Akasema nitafute bibi yeyote mwenye sura nzuri ya uzee. Nami nikamjua papo hapo wa kumtafuta.

Bibi Minza. Nilimwandikia kadi kwa mkono wangu.

Kambi ile ilikuwa Julai, pamoja na wageni wa kanisa rafiki la Ulaya, wenye daktari wao wa macho. Mimi nilikaa kwenye meza ya mwisho, naandika kadi na kueleza watu walichoambiwa. Bibi Minza alikutwa na presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone ya miezi mitatu, akasema ikikaribia kuisha aende hospitali mjini, na aendelee kwenda maisha yake yote, maana ugonjwa huu ukiachwa unakula macho polepole bila maumivu.

Nilimweleza yote hayo. Kisha nikaongeza la kwangu.

Nilimwambia asihangaike kwenda mjini, Oktoba tutarudi na daktari mwingine, atahudumiwa hapo hapo kijijini. Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Kwenye kikao kimoja mtu alikuwa ametamka kwamba ingependeza turudi, nami nikaligeuza kuwa ahadi. Foleni ilikuwa ndefu, bibi alikuwa amenishika mkono, nikajisikia mwema. Nikaandika kwenye kadi: Kurudi, Oktoba.

Oktoba ile tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya safari ya kisiwani ya Januari.

Nisijifanye nilisahau. Nilikumbuka mara tatu. Mara ya kwanza mama mmoja alikuja kibandani kutoa kopi ya cheti cha kliniki ya macho. Mara ya pili ilikuwa kwenye sala ya kuwaombea wagonjwa, nikafumba macho nikamwona. Mara ya tatu nilikuwa nimeshika simu kabisa, nampigia Baba Neema, akapokea, nikamwuliza habari ya vitenge vya sare.

Leo nimemkuta amekaa mlangoni anamenya viazi kwa kupapasa. Nikasema shikamoo bibi, akaitika marahaba, kisha akaachia kisu. Sauti yangu ameijua. "Ni yule wa kadi," akamwambia mkwewe, Mama Shija. "Si nilikwambia watakuja? Wamechelewa tu kidogo."

Haoni. Si kwamba anaona kwa shida. Jua anajua limetoka kwa joto lake shingoni.

Mama Shija akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na kadi ya njano, safi, haina hata kona iliyokunjika, na kichupa cha dawa kilichokauka. Ameniambia mumewe alishatafuta nauli mara mbili ampeleke mama yake mjini, na mara zote mbili bibi alikataa. Wenye kadi wamesema watakuja. Akienda kwa wengine, wageni wakifika wasimkute, atakuwa amewadharau. Mama Shija alisema hayo bila hasira, huku anapepeta mchele, na mimi nilitamani sana anitukane.

Nimekwenda nyuma ya nyumba, nikampigia nesi wa kanisani kwetu aliyekuwa nasi kambini. Nikamweleza. Akauliza kama bibi anaona hata kivuli cha mkono. Nikarudi, nikapitisha mkono mbele ya uso wake, mara mbili, tatu. Bibi akaendelea kutabasamu kuelekea mahali nisipokuwepo. Nesi akavuta pumzi. "Presha ya macho ikishazima, imezima, dada. Hata akija daktari gani."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilikuwa na Kisukuma cha kutosha, nilikuwa na muda wa kutosha, na alikuwa ameshanishika mkono kama siku ile.

Nimetoa simu nikarekodi.

Alifunga kilemba vizuri, akakaa wima, akaongea bila kuulizwa. Akawashukuru wageni, akalishukuru kanisa, akasema Mungu awazidishie. Akasema dawa ilikuwa nzuri, ila iliisha, na tangu Oktoba ile anangoja, macho yamelala kidogo lakini hana wasiwasi kwa kuwa neno la watu wa Mungu halipotei. Kisha akauliza kama nimeshazima, maana anataka kunipa michembe ya safari. Viazi vyake mwenyewe, alivyovikausha. Akasema niwapelekee wa huko tunakokwenda, nao wana njaa.

Nimeituma video kwa Baba Neema vile vile ilivyo. Sikukata neno. Naapa nilidhani ataiona, atapiga simu, atasema tuahirishe Burundi. Nilimtegemea afanye nilichoshindwa kufanya mimi. Jibu limekuja saa kumi jioni: "Imenigusa sana dada. Bibi ana imani kubwa. Punguza tu pale anapotaja Oktoba."

Nimepunguza. Imechukua dakika moja. Sasa bibi anashukuru, anabariki, anatabasamu, na haonekani kungoja chochote.

Nikiiangalia, hata mimi naipenda. Ndilo linalonitisha.

Kesho nitasimama mbele na sare yangu, mchungaji atauliza kama tuko tayari kwenda, na tutaitika kwa sauti moja kwamba tuko tayari. Hilo tunaliweza. Kwenda tumekwenda sana. Michembe ya bibi iko hapa pembeni yangu kwenye mfuko wa rambo, nimeweka kipande mdomoni, nikakitoa.

Sijaandika jambo moja, na nimezunguka uani mara kadhaa nikitumaini giza litaingia kabla sijaliandika.

Nilipokuwa naaga, Bibi Minza alinirudishia kadi. Mama Shija alikuwa amemsomea kwamba Oktoba iliyoandikwa ilishapita tangu mwaka juzi, na bibi hakutaka kuonekana ana kadi iliyoisha muda. Akaniomba nimwandikie mwezi mwingine, ili tukija tusimrushe kwenye foleni. Alininyooshea akiwa amegeukia upande usio wangu, ikabidi nizunguke niipokee.

Nilikuwa na kalamu. Makatibu huwa nayo siku zote.

Nikaikata Oktoba kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika Novemba. Bibi akapitisha kidole juu ya mwandiko, akaridhika, akairudisha kadi kwenye nailoni.

Novemba nitakuwa Burundi, nimekaa kwenye meza ya mwisho, nawaandikia watu kadi.