Kuku Safi wa Mama Feza

Jumanne, 4 Machi

Kijijini Lusangi tena. Kuku kumi na mmoja kwa Mama Feza, vijiti kumi na kimoja vya pamba, kila kimoja ndani ya tundu la nyuma la kuku, kila kijiti na kichupa chake. Miezi miwili sasa, kila Jumanne. Nataka kujua kama bakteria wanaoishi kwenye njia ya yai wanasaidia mayai kuanguliwa. Mgongo unauma kwa pikipiki. Kuku wa Mama Feza ni wasafi kuliko wa nyumba nyingine tano ninazopima, hata nyuma. Nimemsifu. Mkamwana wake, Sifa, ndiye anayenishikia kuku. Mkimya, mkono wake mwepesi.

Jumanne, 18 Machi

Mayai ya Mama Feza yameoza. Ya kuku wawili, yote. Nyumba nyingine tano, vifaranga tele. Ameyazika nyuma ya jiko. Sifa alikuwa analia, sikuuliza. Mimi moyoni nilifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Tofauti ya namna hii ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu ya maabara. Kuku wa nyumba tano wana bakteria wale wale, wengi. Wa Mama Feza karibu hawana kitu. Nimesoma mara nne, nimesimama katikati ya soko la Kasongo, baiskeli zinanipigia kengele. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Nimemtumia profesa wangu; amejibu neno moja: andika.

Jumanne, 1 Aprili

Siamini.

Kwa kawaida nampigia Mama Feza asubuhi, maana kati ya nyumba zote sita ni yeye tu mwenye simu. Leo yangu ilizimika, nikafika ghafla. Kuku wachafu, wote. Akaanza kuniomba radhi, eti hakupata muda wa kuwaosha.

Kuwaosha! Kumbe kila Jumanne nikishapiga simu, kuku wanasuguliwa nyuma kwa sabuni ya kufulia, kitambaa kinaingizwa mpaka ndani.

“Mugeni hawezi kushika kuku muchafu,” akasema.

Karibu miezi mitatu nimepima sabuni. Na mayai yameoza kwa sababu yangu.

Nikauliza Sifa yuko wapi.

“Sifa iko na mukono mubaya, unaozesha mayai. Ni yeye alikuwa anaosha kuku, ni yeye alikuwa anaokota mayai. Nilimurudisha kwao Kabambare.”

Alimrudisha wiki iliyopita. Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Nikamweleza yote: sabuni ndiyo iliyowaondoa bakteria wanaolinda mayai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alishamlaumu Sifa mbele ya majirani, hawezi kuyameza maneno yake, na kama ni kosa langu basi nikamwambie Sifa mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwandikia profesa ukweli. Nilimwona yule binti analia, nikahesabu vifaranga vya watu. Nina aibu, wala sioni jina jingine la kuiita.

Jumamosi, 5 Aprili

Kabambare. Nimemkuta Sifa kwa mama yake, anamenya mihogo. Nikamwambia: ni sabuni, ni mimi, si mkono wako. Aliendelea kumenya.

“Mama mukwe anajua?”

Nikasema anajua.

“Na yeye iko wapi?”

Nikasema amebaki Lusangi. Sifa akanisogezea kisu cha pili. Tulimenya mpaka mihogo ya kikapuni ikaisha, kisha nikarudi peke yangu.