Sanduku la Sala na Mwandiko Nilioutambua

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa kimya changu cha karibu miaka miwili. Mara ya mwisho nilikuuliza kama nikubali, baada ya kustaafu ualimu, kuwa mlezi wa kiroho katika shule ya bweni ya kanisa letu, nawe ukaniambia nikubali. Leo naomba msaada wako tena, maana nimeghadhibika hata kalamu naishika kama rungu.

Nilipofika niliwakuta wanafunzi wakisali kama watu wanaoitikia majina yao darasani, midomo inakwenda, macho yako dirishani, nikamwomba seremala wa shule atutengenezee sanduku lenye tundu na kufuli, nikaliweka kando ya mlango wa kanisa, na kila Jumatano baada ya mapumziko kila mtoto akawa anaandika sala yake kwenye karatasi isiyo na jina, anaikunja na kuitumbukiza, nami nikawaahidi kwa kinywa changu kwamba hakuna binadamu atakayezisoma, na kwamba mwisho wa muhula tutaziteketeza zote nyuma ya jiko. Mshauri, watoto walianza kusali! Wengine walilia, wengine waliomba karatasi ya pili, na mtundu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Mungu anausoma mwandiko mbaya?" nikamjibu, "Wako atausoma kwa miwani."

Mwezi uliopita mkuu wa shule, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika, aliniomba ufunguo ili achague sala tatu nzuri za kuwasomea wageni wa kanisa, nami nikampa. Nzuri hakuziona, aliona moja tu, na asubuhi iliyofuata akaisoma mstarini mbele ya shule nzima: "Mungu, kama upo, mama amelazwa wiki ya saba sasa. Nimechoka kukupigia kinanda na wewe hunijibu. Jumapili nitapiga tena kwa sababu kwaya inanitegemea, si kwa ajili yako." Kisha akamwita mbele binti wa miaka kumi na sita, ambaye wenzake humwita Kinanda kwa kuwa ndiye mpigaji wetu, akamtaka asome toba ambayo yeye mkuu amekwisha kumwandikia. Binti alijibu bila kupaza sauti, "Siwezi kutubia barua ambayo hamkuandikiwa ninyi." Akarudishwa kwa shangazi yake siku hiyo hiyo, na Ijumaa ijayo bodi itaamua kama afukuzwe.

Je, huo ndio ulezi? Jumatano hii watoto waliandika tena, lakini hawakunji karatasi, wanazitumbukiza wazi, na zile nilizoziona zote zinasema, "Tunashukuru kwa chakula na kwa walimu wetu." Nilimfuata mkuu ofisini nikamwambia, "Mwanangu, umewafunga watoto hawa vinywa." Akatabasamu. "Mama, imani inayojificha ni imani gani? Halafu usisahau, kazi hii tuliifanya pamoja."

Hapo ananishika, maana karatasi haikuwa na jina, na jioni ile kabla ya kuisoma mstarini aliiweka mezani pangu akauliza, "Mwandiko wa nani huu?" nami, ninayejivunia kuujua mwandiko wa kila mtoto, nikamtaja kabla hajamaliza kuuliza. Binti anaamini kwamba amechongewa na rafiki yake anayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, na hawasemezani. Nikikiri mbele ya bodi, hakuna mtoto atakayeniamini tena. Nikinyamaza, huenda bodi ikatumia busara yenyewe. Nifanye nini? Nitakuandikia mara tu uamuzi utakapotolewa.

Mlezi

Mwalimu,

Shikamoo. Baada ya heshima hiyo, niruhusu nikuseme.

Mkuu wako amekosa, tena vibaya. Amechukua kilio cha mtoto akakifanya tangazo la asubuhi. Mtu anayetafuta sala za kuwaonyesha wageni hataki watoto wanaosali; anataka watoto wanaopendeza. Hasira yako ni ya haki, nami ninayo.

Lakini ufunguo umeupitisha kwa maneno mawili: "nami nikampa." Hukuibiwa, hukutishwa. Na kosa kubwa zaidi umelizika mwishoni mwa barua, ukitumaini nitakuwa nimechoka kusoma. Sikuchoka. Unaogopa watoto hawatakuamini tena? Hawakuamini sasa! Karatasi zisizokunjwa umeziona mwenyewe. Unachokilinda hakipo.

Na kuna jambo lililonikera kuliko yote. Shule nzima ilisikia mstarini kwamba mama wa mtoto huyu amelazwa wiki ya saba. Wewe, mkuu, kwaya, nani amefika wodini? Barua yako haisemi. Mmemtetea Mungu kwa kishindo, na chupa moja ya chai hamkupeleka.

Leo, si kesho, nenda kwa shangazi yake. Mwambie binti, "Ni mimi niliyeutaja mwandiko wako, rafiki yako hana kosa." Usitangulie kulia, usimwombe msali pamoja, na usimsomee Maandiko. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, uende moja kwa moja hospitali. Ukirudi, iandikie bodi ukurasa mmoja wenye sahihi yako: ahadi, ufunguo, mwandiko. Nakala mpe mkuu mkononi, asije akasema umemvizia. Jumatano litoe sanduku nje mbele ya watoto, uteketeze kila karatasi bila kuifunua, uwaeleze ulichofanya. Wakitaka sanduku jingine wataomba wenyewe, na ufunguo hautakaa kwako wala kwa mkuu.

Umeahidi kuniandikia bodi ikishaamua. Barua hiyo siihitaji. Niandikie wewe ukishaamua, na iwe kabla ya Ijumaa.