Kura Moja ya Sanduku la Kogomba

Kogomba,
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Alfonsi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Getruda, na kutoka kwa Mama, ambaye amekaa hapa pembeni yangu anamenya viazi vitamu na kuichungulia karatasi utadhani anajua kusoma. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mkeo, pamoja na hao watoto wenu wa mjini Moresbi ambao nasikia siku hizi wakimwona nguruwe wanapanda juu ya meza. Sisi huku hatujambo. Mvua imezidi, kahawa haikauki, na goti la Mama linamsumbua kila asubuhi, ila mdomo wake mzima kabisa. Ile picha yako kubwa ya kampeni ameibandika jikoni juu ya moto. Moshi umekukolea mpaka anasema sasa ndiyo umeanza kufanana na marehemu Baba.

Hongera kwa kurudi bungeni kwa mara ya tatu. Nimesikia umekula kiapo na suti mpya. Utanisamehe humu ndani sitakuita Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni hadi shule ya misheni ulipokuwa na majipu ya matako, na mtu uliyemkamua jipu ni vigumu kumwita Mheshimiwa bila kucheka.

Sasa nikupe habari za nyumbani, maana najua Kaupa, mkuu wa kamati yako ya kampeni, anakupigia simu kila siku na kukuambia anayotaka yeye. Mimi nitakuambia yaliyotokea.

Siku ya kuhesabu kura, wanaume wetu karibu wote walishuka wilayani. Walikaa nje ya ule uzio wa waya wakitafuna tambuu na kusubiri sanduku letu litajwe. Kama ujuavyo, masanduku yanafunguliwa moja moja, na kila kijiji kinasomewa chake kwenye kipaza sauti, watu wote wa jimbo wakisikia. Lilipofika la Kogomba, yule msimamizi akasoma jina lako, kura mia nne na kumi na mbili. Watu wetu wakaruka juu. Kabla hawajatua chini akasoma tena: Sista Paskalia Mondo, nesi wetu wa zahanati aliyethubutu kugombea nawe, moja.

Teine, mtoto wa marehemu kaka yetu, ndiye aliyenisimulia, maana alikuwepo. Anasema watu wa ng'ambo ya mto walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akapaza sauti kuuliza kama labda Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyekosea akasahau namba yake. Mwingine akasema eti hata kitandani kwake kuna mpinzani. Basi watu wetu walirudi nyumbani vichwa chini kama waliofiwa. Ulishinda kwa maelfu, Alfonsi, lakini hapa hakuna aliyeyataja hayo maelfu. Ni ile moja tu, asubuhi hadi jioni.

Baada ya siku mbili Kaupa akaja na ujumbe wako. Alisimama katikati ya uwanja wa ngoma na kusema kwamba katapila la barabara limefika misheni na litakaa hukohuko misheni, halitasogea hata hatua moja kuja Kogomba, mpaka huyo mchafu aliyekula nguruwe wako wa kampeni na kumpa mwingine kura apatikane. Sijui kama maneno hayo ni yako au ameyaongezea chumvi. Ukitaka kujua ninavyoamini, naamini ni yako.

Hapo ndipo msako ulipoanza. Upande wa wanaume hapakuwa na shida, kwa sababu karatasi za wanaume wote alizijaza Kaupa kwa mkono wake, wao walichovya kidole tu kwenye wino na kwenda zao. Kwa hiyo mchafu ni mwanamke, wakasema. Mwanamke gani? Wakakumbuka kwamba Yuana, mke wa Teine, amezaliwa ukoo wa Sista Paskalia. Wakakumbuka tena kwamba siku ile alichelewa kidogo pale sandukuni. Alichelewa kwa sababu mtoto wake alikuwa ameshika ukingo wa sanduku, hataki kuachia, na kila mtu aliona na kucheka. Lakini sasa hakuna anayekumbuka kucheka. Wanasema eti alibadilisha karatasi akiwa amejificha nyuma ya mtoto. Hebu fikiria, Yuana huyo ambaye hajui kuandika hata jina lake.

Tangu hapo yule binti hana raha. Akienda kisimani wenzake wanasubiri amalize ndipo wachote wao. Mama mkwe wake anamwita kwa jina la ukoo wao, kana kwamba hajawahi kumpikia. Jumapili wazee wamekata shauri: Jumamosi hii, mbele ya watu wote, Yuana atarudishwa kwao, na kwao watatakiwa kurudisha nguruwe wote kumi na wawili wa mahari. Mtoto, kwa kuwa ni wa ukoo wetu, atabaki kwetu. Mtoto ana miezi saba, Alfonsi. Bado ananyonya. Jana nilimkuta Yuana bustanini amekaa matutani, hapalilii wala hapandi, amempakata tu huyo mtoto na kumnusa kichwani. Aliniuliza kama akiwa hayupo nitamtafunia viazi mwanawe, kwa sababu mama mkwe hana meno. Nikamwambia anyamaze. Nikaondoka.

Teine naye kanywea. Anampenda mkewe, hilo kila mtu analijua, lakini ataanzaje kusimama mbele ya katapila? Kila mtu hapa anaitaka barabara hiyo. Na mimi naitaka.

Sasa nizungumze juu ya Klara, mdogo wetu. Najua hupendi tumzungumzie. Leo utanisikiliza, kwa sababu hupo hapa kunikatiza.

Daraja la mto wetu lilipovunjika ulikuwa na miaka minne bungeni. Ulikuja, ukapiga picha umesimama juu ya ubao uliobaki, ukaahidi. Uchungu ulipomshika Klara, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Sista Paskalia, ambaye alibaki peke yake kwenye zahanati isiyo na paa wala dawa, alisema huyu ni wa hospitali, na ni leo. Tulimfunga kwenye machela ya miti, tukambeba kwa muda wa saa nne kuteremka mtoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika ng'ambo. Tuliliona, Alfonsi. Dereva alikuwa amesimama nje anatupungia mkono, na mto umejaa hapo katikati. Kaupa alikupigia simu kuomba helikopta. Ukasema bajeti ya jimbo haina fungu hilo, ukasema tumwombee. Sista Paskalia aliingia majini hadi kifuani na kamba mkononi, mara mbili, mara zote mbili maji yakamrudisha. Klara alitufia pale kwenye mawe, na mtoto tumboni.

Siku ya tatu helikopta ikaja. Ilileta jeneza lenye kioo, magunia ya mchele na wewe mwenyewe na miwani myeusi. Ulilia vizuri. Watu walisema hakuna mbunge aliyewahi kumzika dada yake kwa heshima ile. Mimi nilisimama pale nikalitazama lile dude likizungusha mapanga yake na kuangusha migomba ya Mama, nikajiuliza swali moja tu, nalo nakuuliza sasa: fungu la jeneza ulilipata wapi?

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Unakumbuka ni nani anayejaza karatasi za wanawake wa Kogomba. Ni mimi. Masista walinifundisha kusoma, mimi ni dada wa Mheshimiwa, nani mwingine apewe kalamu? Uchaguzi huu kama ule uliopita, nilikaa kwenye meza ya wanawake tangu jua linachomoza. Wanawake mia mbili na saba. Walikuja mmoja mmoja, wakachovya kidole, wakaniambia nimwandikie Alfonsi, au hawakusema kitu na mimi nikaandika tu, kwa sababu ndivyo ukoo ulivyokubaliana. Nikaikunja, wakaitumbukiza. Karatasi mia mbili na sita niliandika namba yako.

Ya mwisho ilikuwa yangu. Niliishika. Kidole changu kilikuwa cheusi kwa wino na mkono umekufa ganzi. Nikaandika namba ya Sista Paskalia.

Ni mimi, Alfonsi. Mchafu wako ni mimi.

Usiseme nilirogwa, wala usiseme nilipewa chochote. Sista Paskalia hana hata mfupa wa nguruwe wa kumpa mbwa wake. Na usiseme nilitaka kukuangusha. Kalamu nilikuwa nayo mimi siku nzima, na Kaupa alikuwa upande wa pili anagombana na wanaume juu ya soda. Ningetaka, zote mia mbili na saba zingekwenda kwa Sista, na ungesomewa hayo kwenye kipaza sauti. Sikufanya hivyo. Zile zilikuwa za wenyewe, walinikabidhi nikupe, nami nikakupa. Hii moja ilikuwa yangu. Kwa miaka yote niliyoishi ndicho kitu pekee nilichoandika bila kuambiwa na mtu.

Kura hiyo siionei haya. Ninachokionea haya ni kwamba nimenyamaza wiki tatu nikimtazama Yuana anavyonyauka. Nilidhani watachoka. Nilidhani utawaambia waache, kwa kuwa umeshinda, moja itakupunguzia nini? Hukuwaambia. Nami niliogopa, nakiri. Sasa siogopi, au naogopa lakini basi.

Barua hii inaletwa na katekista Ambrosi anayepanda ndege Alhamisi, ili uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa Kaupa. Mama nimeshamwambia, jana. Akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile ile, maana na yeye angetaka yake iende kwa Sista.

Jumamosi wazee watakapomsimamisha Yuana, nitasimama mbele yake na kusema yote niliyoandika hapa, na la Klara pia, na la jeneza pia. Kaupa atataka nilete nguruwe wa kukupoza hasira. Simleti. Ninaye mmoja tu na ana mimba. Ukitaka kupiga simu kabla ya hapo na kuwaambia Yuana akae na mwanawe, piga, nitakushukuru mbele ya watu wote. Usipopiga, atakaa vilevile, kwa sababu yeye hakufanya kitu na mimi nipo.

Kuhusu katapila, fanya utakavyo. Likikaa misheni, kila anayepita ataliona, na atauliza limekaa kwa ajili ya nini, na ataambiwa. Kuanzia wiki ijayo nawafundisha wanawake kuandika namba, jioni baada ya bustani, kwa vijiti kwenye majivu. Wamekuja kumi na wanne wenyewe kuniomba jana usiku, baada ya Mama kushindwa kuficha siri hata nusu siku; wanaume bado hawajaambiwa. Uchaguzi ujao sitashika kalamu ya mtu. Kila mmoja atashika yake. Huenda mia mbili wakakuandika wewe. Jenga daraja, nitakuandika na mimi.

Wazee watatafuta pa kunipeleka, maana mwanamke akikosa, adhabu yake ni kurudishwa kwao. Yuana wana pa kumrudisha. Mimi mume wangu alishakufa, na nilisharudi hapa. Waambie wanirudishe kwetu, Alfonsi, halafu uwaulize kwetu ni wapi.

Wasalimie mkeo na watoto. Mama anasema upunguze kula, picha haikutoshi. Nami nasema uje utuone, lakini usije kwa helikopta. Njoo kwa gari mpaka mtoni, uvue viatu, uvuke. Nitakusubiri ng'ambo na kamba.

Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na hilo halijabadilika,

Getruda