Nani Anaweza Kungoja Kidogo?

Mpendwa Mama Shimwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu rika moja basi pokea salamu za mwanamke aliyechoka. Naomba unishike mkono kwa jambo ambalo padri nimeshindwa kumwambia, na mume wa kumwambia sina, alishatangulia mbele ya haki. Jina langu usilitaje, lakini namba ya simu nimeiandika chini kabisa, maana nikikosa jibu nitarukwa na akili, na kutoka kwetu hadi hospitali ya vichaa ya Ndera si mbali, watanipeleka na pikipiki tu.

Mimi nilizaliwa Karagwe, tukarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha afya, kituo kidogo, sitakitaja, ila watu wengi wa Batsinda wanakifikia kwa miguu. Kwenye baraza kuna benchi moja refu la saruji, linaanzia mlangoni linaishia ukutani, na wagonjwa wote wanakaa hapo. Kwa kuwa wauguzi ni wachache tuliweka utaratibu wetu wenyewe: asubuhi muuguzi wa zamu, anaitwa Kamikazi, anatoka, anasimama mbele ya benchi na kuuliza kwa upole, "Nani anaweza kungoja kidogo?" Anayeweza anainua mkono na kusogea kule mwisho ukutani, na wenye hali mbaya wanatangulia. Mama Shimwa, tulijisifia huo utaratibu! Hakuna kusukumana, hakuna matusi, hata watu wa vituo vingine walikuja kuutazama wakasema nyie mna ustaarabu.

Basi kabla ya mvua alikuja mama mmoja, Gaudiose, fundi cherehani, mjamzito, mtu mpole ambaye hata kucheka anacheka kwa kuziba mdomo. Kamikazi akauliza swali lake, Gaudiose akainua mkono akasogea ukutani, baadaye akauliza tena na yeye akainua tena, akasema, "Mimi naweza kungoja, mhudumie huyu mwenye mtoto kwanza." Ilipofika mchana mfanya usafi akaja na deki, akamwambia mama nyanyua miguu nipite, na miguu haikunyanyuka. Alikuwa ameegemea ukuta, kitenge amekikunja vizuri, mikono juu ya magoti, macho wazi, na watu waliokaa naye asubuhi nzima walidhani anasali. Alikuwa amekwenda yeye na mtoto wake tumboni.

Tulizika, tukalia, wakubwa wakaja wakauliza maswali wakaondoka, nasi tukarudi kwenye kazi. Halafu asubuhi moja Kamikazi akatoka kama kawaida akauliza, "Nani anaweza kungoja kidogo?" na kutoka kule mwisho sauti ya mwanamke ikajibu, "Mimi naweza." Kamikazi akasema, "Asante mama," ndipo akainua macho akaona pale ukutani hakuna mtu. Watu wote wa benchi walikuwa wamegeuza shingo upande ule ule. Hakuna aliyepiga kelele, wewe unatujua, sisi hatupigi kelele, ila mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake akawa anacheka na kunyoosha mikono kuelekea pale patupu kama anayetaka kubebwa.

Tangu siku hiyo ni kila asubuhi. Watu wanabanana upande wa mlangoni mpaka wengine wanasimama na homa zao, na mwisho wa benchi hakai mtu. Mfanya usafi anasema pale hapashiki vumbi, na ukiweka kiganja pana joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Nikasema huu ni ushamba, mimi ni mwenyekiti, nikaenda mwenyewe nikasimama mbele ya benchi nikauliza lile swali kwa sauti yangu. Ikanijibu. Na kibaya zaidi, Mama Shimwa, haikuwa tena sauti ya Gaudiose, mimi namjua Gaudiose, alinishonea nguo mara nyingi. Hii ilikuwa ya mtu mdogo zaidi, nyembamba, na ni sauti ninayoijua kabisa ila jina la mwenyewe limenipotea, na nikilikaribia linakimbia.

Sasa kamati imegawanyika. Fungu letu la mwaka huu linatosha jambo moja tu. Shyaka, mkuu wa kituo, anataka vigae vipya, rangi na televisheni ya barazani, kwa sababu wakaguzi wanakuja na imihigo yetu, zile ahadi za kazi tulizotia saini, inapimwa kwa macho. Wengine wanataka benchi livunjwe, tununue viti vya plastiki na kufanya misa kubwa. Kamikazi anataka mtu mmoja wa kusimama benchini asubuhi nzima na mashine ya kupima presha, na Shyaka anamwambia, "Dada, hiyo haionekani, mgeni akija utamwonyesha nini?" Kura zimelingana na ya kuamua ni yangu. Nikichagua vigae nitaonekana mtu wa maendeleo, nikichagua misa wazee watanipenda, nikimfuata Kamikazi watasema namfuga mzimu.

Na mimi nina langu la nyumbani. Mkwe wangu Christella, mke wa kijana wangu Shami ambaye ni dereva wa magari makubwa na sasa yuko njia ya Mombasa, ni mjamzito na anatakiwa kwenda kliniki hapo hapo kwetu, lakini nimemzuia, nimemwambia asikanyage pale mpaka jambo hili liishe, nani atampeleka mkwe wake akakae karibu na maiti? Yeye kanyamaza na kukubali, ni msichana wa heshima sana, Mungu alinipa. Hata sasa miguu imevimba mpaka anavaa ndala za Shami, uso nao umejaa, kichwa kinamuuma na anasema anaona vimulimuli kwenye macho, lakini ukimuuliza anajibu "si kitu, mama" na kuendelea kupika. Wakwe wa siku hizi wangekuwa wameshapiga yowe mtaa mzima.

Niambie, Mama Shimwa, yule ni Gaudiose kweli au ni shetani? Anataka nini kwetu? Na kura yangu niiweke wapi?

Mimi mwenyekiti wako, wilaya ya Gasabo.

JIBU

Mwenyekiti,

Barua yako sikuimaliza nikiwa nimekaa. Nilipofika kwenye ndala za Shami nilisimama, na nilipofika kwenye vimulimuli nilikuwa tayari nabonyeza namba yako. Wasomaji mnisamehe, safari hii jibu lilitangulia gazeti. Majina yote nimeyabadilisha.

Simu yako haikuwa na wewe. Uliisahau nyumbani ukaenda kubishana habari za vigae. Aliyepokea ni msichana mwenye sauti nyembamba.

"Mama hayupo, ameenda mkutano."

Nikamuuliza, wewe ni Christella? Kichwa kinaendeleaje?

"Kinauma kidogo tu."

Unaona vizuri?

Akasema, "Naona nusu. Nusu ingine iko giza."

Uko na nani hapo?

"Niko peke yangu. Lakini usisumbuke, mama, watu wako na shida kuliko mimi. Mimi naweza kungoja."

Mwenyekiti, ilikuwa mchana kweupe, jua limewaka, watu wa ofisini wanacheka karibu yangu, na nywele zilinisimama. Nikamwambia hapana, mwanangu, wewe huwezi. Nikamuuliza nyumba iko wapi, kwa simu ya ofisi nikaita gari la wagonjwa, na huku sikio lingine nikamshikilia yeye. Nikamwambia amwite jirani. Akasema anaona haya, na anataka kwanza abadilishe kitenge. Kitenge! Nikafoka, na mimi sijawahi kumfokea mjamzito maishani mwangu: "Piga kelele! Piga kelele mpaka mtu avunje mlango!" Akaanza taratibu, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake, halafu akapiga yowe ambalo liliwanyamazisha watu wa ofisi yangu wote. Jirani alifika kabla ya gari. Hospitali walimpima presha na hawakumruhusu hata kukaa kitako, wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari ameniambia kwamba angebaki jikoni hadi jioni, mngezika tena wawili.

Sasa nikugombeze, maana umelitaka. Umejaza kurasa kwa ajili ya aliyekufa, na aliye hai umempa mistari michache, tena ya kumsifu! Unamsifu kwa sababu anakufa bila kukusumbua. Hofu yako ninaielewa, na mimi ningeogopa benchi lile, nisikudanganye. Lakini ulimkinga na mzimu ukamwacha na presha. Mtu akiwa na mimba, uso ukavimba, kichwa kikauma na macho yakaona nyota, hiyo si heshima, hiyo ni hatari, na hakuna kesho. Unajua hayo, wewe ni mwenyekiti wa afya, na mabango yake mmeyabandika wenyewe ukutani.

Unaniuliza kama yule ni Gaudiose au shetani. Mimi sijui, na atakayekuambia anajua anataka kitu kwako. Kuhusu ile sauti nyingine, nyembamba, ambayo unaijua ila jina la mwenyewe linakukimbia: nimeisikia kwenye simu. Sitaongeza neno hapo. Lakini shetani nimemsoma kwenye vitabu vyote, na sijapata kusoma kwamba anakuja kuwaonya watu asubuhi na mapema.

Haya, kura. Lile swali lenu life kwanza, hata kabla ya kura. Kumuuliza mwanamke wa kwetu kama anaweza kungoja ni kama kumuuliza mgeni kama ameshiba: atakuambia ameshiba na tumbo linanguruma. Tumelelewa hivyo. Mama yangu alinizaa akiuma upindo wa kitenge, na waliokuwa chumba cha pili hawakujua, nao wanamsifu mpaka leo. Mmechukua adabu ya watu mkaifanya kipimo cha ugonjwa. Anayelia ametibiwa, mwenye adabu amesogezwa ukutani. Huo ustaarabu uliowaletea wageni ndio uliomweka Gaudiose pale, na hakuna mtu mbaya hata mmoja aliyehitajika.

Kwa hiyo kura yako mpe Kamikazi. Asimame mtu benchini asubuhi nzima, amguse kila mmoja mkono, amtazame macho, ampime presha na homa, halafu aamue yeye nani anatangulia. Mgonjwa asiulizwe kama ana haraka. Kazi ya kujua ni yenu. Shyaka mwambie kwamba vigae havipimi presha, na mkaguzi anayetaka kitu cha kuona mwonyesheni akina mama wanaorudi nyumbani na watoto wao. Misa fanyeni, mimi mwenyewe nitakuja, lakini misa haihitaji fungu la kituo, inahitaji magoti. Na benchi msilivunje. Mkilivunja mtakuwa mmeondoa ushahidi tu, na swali lenu litahamia kwenye viti vya plastiki.

Kisha kuna kazi ambayo ni yako peke yako na huwezi kumtuma mtu. Siku utaratibu mpya unapoanza, nenda ukakae pale mwisho, ukutani, penye joto. Watu wakikuona umekaa watakufuata. Utaogopa, kaa hivyo hivyo. Na sauti ikisema tena kwamba inaweza kungoja, usikemee, usitaje majina ya malaika. Mjibu kama mtu na mtu mwenziwe: "Hapana, mama. Ilikuwa zamu yako."

Na la mwisho ni la nyumbani. Jana nilipiga simu wodini kumjulia hali Christella, na nyuma yake nikamsikia mjukuu wako, kasichana kadogo, kanalia kwa nguvu utadhani kamelipwa. Nikakusikia na wewe ukikabembeleza, "Nyamaza, mama, nyamaza, mtoto mzuri halii." Mwenyekiti, nakuomba sana: mwache alie.

Mama Shimwa