Kwa Mama Wayua, Tuliyemkatiza Katikati ya Hadithi

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukuzike hapa nyumbani Kalama. Wengine wakiandika tangazo kama hili huanza na machozi. Sisi tunaanza na aibu, kwa maana ndiyo iliyotujaa.

Ulikuwa mtu wa mkono wazi. Mgeni hakutoka kwako mikono mitupu, hata kama ni embe mbili za kufunga kwenye leso. Ulipoanika maharagwe uani ulinong'ona peke yako, nasi tukidhani unasali rozari. Na jioni ulikuwa na maswali yako. Siku moja ulimuuliza Baba, "Baba Mwelu, mtu akimwacha mtoto kwa watu huko Kathiani, anamwachia nini?" Baba alikuwa akibandua matope kwenye gambuti. Akajibu bila kuinua kichwa, "Blanketi. Usiku wa Kathiani uko na baridi." Ukacheka, ukamwambia asante, yakaishia hapo.

Kila Jumamosi ulivaa sweta yako ya kijani ukaenda Machakos mjini, kwenye kikundi chenu cha kuandika hadithi, nyuma ya saluni ya Peris. Tulikitania kikundi hicho kupita kiasi. Ndolo alikuwa mchinjaji wa ng'ombe Athi River, Linet alishona suruali kiwandani huko huko, Peris alisuka watu nywele, na wewe ulikuwa mkulima uliyeishia darasa la saba. Hatukujua hata ile sheria yenu kubwa, kwamba mwenye hadithi hasomi yake. Husomewa na mwenzake, naye hukaa mbele, kimya, hadi neno la mwisho.

Basi siku ya mazishi wenzako walikuheshimu kwa njia wanayoijua. Linet alisimama karibu na jeneza, akasema atasoma maneno yako, akaanza: "Mimi nilimwacha mtoto wangu wa kwanza kwa watu huko Kathiani, kabla sijaolewa." Watu wakageukiana chini ya hema. Aliposoma kwamba ulimfunika mtoto blanketi kwa sababu usiku wa Kathiani una baridi, Baba alikuwa ameshainuka. Alimnyang'anya maikrofoni mbele ya padri na watu wote, akasema, "Imetosha. Tumzike."

Nasi tuliamini, Mama. Shangazi Kaluki akaanza kupiga hesabu za ujana wako. Masila, mwanao wa kumzaa, akaenda Kathiani kuuliza mlango kwa mlango kama kuna mtu anayefanana naye. Baba akaacha kabisa kutaja jina lako, na alipokumbushwa kulijengea kaburi alisema mvua ipite kwanza. Mvua ikapita.

Msimu wa maembe Ndolo alikuja hapa nyumbani kutuuliza kikundi kilitukosea nini. Baba akamtolea uchungu wake wote. Ndolo alishika kichwa.

"Mzee, hiyo ilikuwa ya kutunga!"

"Na mbona alisema 'mimi'?"

"Si sisi wote husema hivyo! Mimi hapa nachinja ng'ombe, na kwa hadithi yangu ya mwisho niko na mimba na nimekataliwa na kijana wa kwaya. Sasa hiyo mimba naficha wapi?"

Masila alicheka. Baba hakucheka, na Ndolo akashusha sauti. "Na ile ya blanketi, mzee, alituambia ni yako. Alijivunia sana. Alisema, bwanangu amenisaidia kuandika."

Baba alitoka akaenda shambani. Aliporudi giza lilikuwa limeingia. Alituambia tu, "Nilisikia maneno yangu mwenyewe, na sikuyajua."

Tunaona aibu, Mama. Ulitulea, tukala jasho lako, halafu ukurasa mmoja ukatosha kutufanya tukuone mgeni. Swali moja tu kwa Linet lingemaliza kila kitu. Hatukuliuliza kwa kuogopa jibu.

Kaburi lako sasa limejengewa. Saruji aliikoroga Baba kwa mikono yake. Jumamosi, baada ya misa hapa nyumbani, hadithi yako itasomwa tena tangu mwanzo. Ndolo amekataa kutudokezea inavyoisha. Anasema haisomwi nusu. Wote mliokuwa chini ya hema siku ile, na hasa mliobeba yale maneno mkaenda nayo, tunawaomba mje. Linet aliogopa kukanyaga hapa tena, mpaka Baba alipoenda Athi River akamngoja langoni mwa kiwanda, kofia mkononi, watu wakitoka kazini. Amekubali kusoma. Baba atamshikia maikrofoni.

Unakumbukwa na mumeo Kimeu, wanao Mwelu na Masila, wifi yako Kaluki, pamoja na wenzako Ndolo, Linet na Peris, ambao siku ile hatukuwataja. Hutatutoka moyoni, Mama. Na safari hii tutakusikiliza hadi neno la mwisho.