Baba, Aliyekuwa Akisikiliza Amejibu

Baba,

Juzi nilikuja kaburini. Theluji ilikuwa imelifunika lote, nikakuombea dua bila kujua kama nimesimama kichwani au miguuni pako.

Simu yako ya mezani bado iko pale dirishani, nyumbani kwangu hapa Thorncliffe, Toronto. Nilitaka kuikatisha, nikashindwa. Tangu utoke kizuizini ukaja kuishi kwangu, kila ulipoongea na watu wa nyumbani uliamini serikali ya kule inasikiliza. Hukunong'ona hata siku moja. Kila mara ulimaliza mazungumzo yako, kisha ukasema taratibu, "Na wewe unayetusikiliza, hujambo? Watoto hawajambo?" Sisi tulicheka. Wewe hukucheka. Ulisema na yeye ana haki ya kusalimiwa.

Baada ya arobaini yako simu ikaanza kulia, mchana kweupe. Mjukuu wako Salma ndiye aliyepokea kwanza. Unamjua, Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia hakuna anayeongea, ila kuna mtu anapumua, na nyuma yake babu anakohoa.

Nilimkemea. Ilipolia tena nikapokea mwenyewe.

Baba, kilikuwa kikohozi chako. Kile kikavu cha baridi. Halafu sauti yako, ukimwambia Bi Mwanaisha kuhusu mwanawe, Mwalimu Saidi, aliyechukuliwa shuleni na watu wasiovaa sare: "Nilipokuwa mbunge niliuliza yuko wapi. Nitauliza mpaka nijibiwe." Mtu alikuwa ananisikilizisha rekodi za mazungumzo yenu. Nikakaa sakafuni na simu sikioni.

Ulipomaliza kusema, rekodi ikaisha. Sijui ujasiri niliupata wapi. Nikasema, "Wewe unayesikiliza, hujambo? Watoto hawajambo?"

Alipumua muda mrefu. Kisha akajibu, mwanamume mtu mzima, lafudhi ya kwetu kabisa.

"Hawajambo, binti yangu. Poleni na msiba. Mzee amenisalimia miaka mingi, sikuwa na ruhusa ya kumjibu."

Nikamuuliza anataka nini.

"Mwambieni mama yake mwalimu asimngoje tena. Hakuimaliza siku ile aliyochukuliwa."

Akanitajia mahali: nyuma ya ghala la zamani la pamba, palipopandwa mikaratusi. Akakata. Simu haijalia tena.

Baba, uliuliza swali lile bungeni, redioni, kwenye mikutano ya hapa Toronto watu wakiwa wamechoka kukusikia. Na mwenye jibu alikuwa sikioni mwako siku zote, akipumua. Kila nikilifikiria hilo naingiwa na baridi ambayo haiishi hata nikiwa jikoni.

Bi Mwanaisha sasa anakaa kwa bintiye, hapa hapa Toronto, mtaa unaoitwa Jane na Finch. Nimempigia kwa simu yangu, nikamwambia nitakuja Jumamosi.

"Umesikia neno?" akauliza.

Nikasema, "Nitakuja, Mama."

Akaniambia nisile nyumbani, atapika.

Naogopa, Baba. Ila nitakwenda, nitamwambia kwa mdomo wangu, nikimtazama. Akiniruhusu, nitapataja mahali pale mbele za watu, kwa jina, mpaka waje wachimbe na mwalimu azikwe na watu wake. Wewe pumzika. Umeuliza vya kutosha.

Kwa heri, Baba.

Mwanao,
Zuhura